Mole, Tlayuda na Mizabibu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Migahawa ya Oaxaca Huko Sonoma na Napa

Ukurasa huu ni kwa ajili yetu tunaozungumza Kiswahili, tuwe tunaishi Marekani au tumekuja kutembea kaskazini mwa California. Watu hufika Sonoma na Napa kuonja mvinyo, na mchana unapogeuka jioni njaa huwauma, ndipo wanapouliza wakale wapi. Mimi hujibu vilevile kila mara: tafuteni mgahawa mdogo wa watu wa Oaxaca. Haya ndiyo maswali yanayofuata baada ya jibu hilo.

Oaxaca ni wapi? Hiki si chakula cha Mexico tu?

Oaxaca (tamka "Wahaka") ni jimbo la kusini mwa Mexico, lenye milima mingi na pwani ya Bahari ya Pasifiki. Wazapoteki na Wamisteki ndio wengi kati ya watu wa asili wa huko, lakini serikali inatambua makabila 16, na kila bonde lina mahindi yake, pilipili zake na namna yake ya kupika. Katika pango la Guilá Naquitz, karibu na mji wa Mitla, wanaakiolojia wamepata magunzi ya mahindi yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000, na mbegu za maboga za kale kuliko hayo. Kwa hiyo ukikaa mezani na kuletewa tortilla, yaani chapati nyembamba ya mahindi, na maharage meusi, umeletewa chakula ambacho watu wale wale, katika ardhi ile ile, wamekiboresha kwa maelfu ya miaka.

Burrito kubwa, nachos zilizofunikwa jibini ya rangi ya chungwa, fajita zinazochemka kwenye sahani ya chuma: hivyo ni vyakula vya kaskazini mwa Mexico na vya mpakani na Marekani. Mgahawa wa Oaxaca unaweza kuwa na burrito kwenye menyu kwa sababu wateja wa hapa huiulizia. Usiagize hiyo. Hukuja kwa ajili yake.

Kwa nini chakula hiki kiko katikati ya mashamba ya mizabibu?

Kwa sababu wanaolima mizabibu hiyo wengi wanatoka Mexico, na katika miongo ya karibuni sehemu kubwa yao wanatoka Oaxaca.

Na historia yenyewe inaanza mbali zaidi. Mji wa Sonoma ulikuwa Mexico. Misheni ya San Francisco Solano, kituo cha mapadri wa Kikatoliki kilichopo pale uwanjani, ilianzishwa 1823, Mexico ikiwa imeshapata uhuru kutoka kwa Hispania, na ni ya mwisho katika mlolongo wa misheni za California. Mapadri walipanda mizabibu kwa ajili ya mvinyo wa misa. Juni 1846 walowezi wa Kimarekani waliuteka mji huo, wakapandisha bendera yenye dubu, na mwaka 1848 mkataba wa Guadalupe Hidalgo ukaikabidhi California kwa Marekani. Mpaka ukawahama watu wakiwa wamekaa palepale.

Kisha ukaja mpango wa Bracero, kuanzia 1942 hadi 1964, uliowaleta wanaume wa Mexico kwa mikataba ya muda kufanya kazi za mashambani. Ulipofungwa, kazi hazikuisha. Watu waliendelea kuja, kwanza zaidi kutoka majimbo kama Michoacán na Jalisco, halafu kutoka Oaxaca, wakafuata ndugu zao waliotangulia hadi Santa Rosa, Windsor na Healdsburg. Mizabibu hupogolewa wakati wa baridi, matawi hufungwa na majani hupunguzwa masika, na kuanzia Agosti hadi Oktoba huvunwa, mara nyingi usiku wa manane kwa taa za kichwani ili zabibu zifike kiwandani zikiwa za baridi. Mtu aliyeinama hivyo tangu saa nane za usiku anahitaji chakula cha maana, naye atapenda kiwe cha kwao. Ndiyo maana migahawa hii mingi ilianza kwa kina mama waliopika tamale (donge la mahindi lililofungwa kwenye jani na kupikwa kwa mvuke) nyumbani na kuuza kwa majirani, au kwa gari la taco, tortilla ndogo zenye nyama, lililoegeshwa karibu na duka la vyakula, kabla hawajapata jengo.

Hili ndilo ninalotaka kila mgeni alielewe kabla hajasoma menyu. Chupa inayouzwa kwa bei ya juu kwenye ukumbi wa kuonjea mvinyo, na bakuli la mole, ule mchuzi mzito wa Oaxaca, kwenye mgahawa wenye viti vya plastiki, vimetoka kwenye mikono ya familia zile zile. Chakula hiki ni cha bonde hili kama ulivyo mvinyo wake. Wapo pia waliovuka upande wa pili: familia ya Robledo, ambayo baba yao Reynaldo alikuja kutoka Michoacán mwaka 1968 kufanya kazi shambani, ina mashamba yake na mvinyo wake Sonoma.

Ni mahali pa namna gani? Nivae nini?

Vaa ulichoamka nacho. Mara nyingi unaagiza kaunta, unapewa namba, unakaa. Watoto wanakimbia, televisheni inaonyesha mpira, ukutani pana picha ya wachezaji wa Guelaguetza, ile sherehe kubwa ya Oaxaca inayofanyika kila Julai, au vichwa vya wanyama vya mbao vilivyopakwa rangi kali. Ipo michache yenye vitambaa vya meza na orodha ndefu ya mvinyo, na mingine ya hiyo inapika vizuri sana. Ila usipime ubora kwa vitambaa.

Mole ni nini hasa? Nimeambiwa ni "sosi ya chokoleti".

Aliyekuambia hivyo amekupunja. Mole (tamka "mo-le", silabe zote mbili) ni jina la jumla la mchuzi mzito wa kusaga, na chokoleti ni kiungo kimoja kidogo katika baadhi yake. Mole nyingine hazina chokoleti kabisa.

Chukua mole nyeusi, mole negro, ambayo ndiyo fahari ya Oaxaca. Inaanza na pilipili kavu za aina kadhaa: chilhuacle nyeusi inayolimwa eneo la Cañada huko Oaxaca na ambayo ni adimu na ghali, pamoja na mulato na pasilla. Hupasuliwa, hutolewa mbegu na vikonyo, na kila aina hukaangwa peke yake kwa kuwa ngozi zao hazilingani kwa unene, na ile nyembamba ikiungua mchuzi wote unakuwa mchungu. Lakini mbegu zake huchomwa makusudi mpaka ziwe nyeusi ti, pamoja na tortilla, kisha huloweshwa maji kupunguza uchungu. Rangi ile nyeusi ya mole inatoka hapo kwa kiasi kikubwa. Moshi wa kazi hiyo unakereketa koo kweli kweli; wapishi wengi huifanyia uani.

Halafu ufuta, lozi, karanga, zabibu kavu, ndizi na kipande cha mkate hukaangwa kimoja kimoja. Nyanya, vitunguu na vitunguu saumu huchomwa kwenye comal, yaani tawa ya udongo au chuma. Karafuu, mdalasini, pilipili manga, bizari nyembamba, oregano na majani ya mparachichi huingia. Vyote husagwa mpaka vilainike kabisa, kisha lile donge hukaangwa kwenye mafuta na kukorogwa bila kuachwa, kwa saa kadhaa, likiongezwa supu ya kuku kidogo kidogo. Mwishoni ndipo chokoleti na sukari huja, kwa kipimo cha kusawazisha uchungu tu, wala haitakiwi ladha yake ijitokeze.

Hiyo ni kazi ya siku mbili au tatu kwa nyumba inayojiandaa kwa harusi au kwa Siku ya Wafu, tarehe 1 na 2 Novemba. Sisi tuliozaliwa na kulelewa kwenye shughuli za masufuria makubwa na mwiko mrefu tunaielewa kazi hiyo bila kuhadithiwa zaidi. Mole nzuri ukiionja unaanza na utamu wa matunda yaliyokauka, unapita kwenye moshi, unapita kwenye viungo, na unabaki na uchungu mwembamba nyuma ya ulimi unaokufanya uchovye tena.

Ni kweli ziko saba?

Saba ndizo zinazotajwa siku zote: nyeusi (negro), nyekundu (rojo), coloradito, ya njano (amarillo), ya kijani (verde), chichilo na manchamanteles. Kwa hakika vijiji vina nyingi kuliko hizo. Mgahawa wa kawaida utakuwa na mbili au tatu, nayo ni dalili njema, kwa sababu anayedai kuwa na zote saba kila siku huenda anazitoa kwenye ndoo.

Kama hujawahi kula hata moja, anza na coloradito: nyekundu ya matofali, laini, tamu kidogo. Ya kijani ni nyepesi, imejaa majani mabichi na hoja santa, jani pana lenye harufu inayokaribia ya anisi. Ya njano huzitishwa kwa unga wa mahindi na mara nyingi hutiwa ndani ya empanada za tortilla zinazokunjwa na kuchomwa kwenye comal. Chichilo ni nadra. Ukiikuta, agiza: ni mchuzi wa nyama ya ng'ombe wenye pilipili zilizounguzwa, na hakuna kinachofanana nao.

Tlayuda ni nini, na inaliwaje?

Ni tortilla kubwa, pana kuliko sahani ya kawaida ya chakula, iliyokaushwa polepole kwenye comal mpaka ikawa ngumu kiasi, ikivunjika na kunyumbulika kwa pamoja. Hupakwa asiento, yaani masalia ya mafuta ya nguruwe yenye rangi ya kahawia, halafu rojo la maharage meusi, halafu quesillo, jibini ya Oaxaca inayochanika nyuzi nyuzi na kuviringishwa kama mpira wa uzi. Juu yake kabichi, nyanya, parachichi, na nyama: tasajo (ng'ombe aliyekatwa mwembamba, akatiwa chumvi na kukaushwa kidogo), cecina (nguruwe aliyepakwa pilipili) au chorizo (soseji yenye viungo).

Wengine huikunja katikati na kuiweka moja kwa moja juu ya makaa, wengine huileta ikiwa wazi. Mimi napenda iliyokunjwa, kwa sababu makaa yanaingia kwenye tortilla na jibini linayeyuka sawasawa. Iliwe kwa mikono. Vunja kipande, kula, vunja kingine. Moja inawatosha watu wawili wenye njaa ya kawaida.

Tortilla za tlayuda husafiri vizuri kwa kuwa zimekaushwa, na baadhi ya migahawa huletewa kutoka Oaxaca kwenyewe. Uliza. Mwenye mgahawa akijibu kwamba zimetoka kijijini kwao, utaona uso wake ukichangamka.

Nitajuaje kama mgahawa ni mzuri?

Agiza kitu rahisi kabla ya mole. Agiza memela: kipande kinene cha mahindi kilichochomwa, maharage, jibini kidogo, basi. Hapo hakuna pa kujificha.

Cha kutazama ni mahindi. Tortilla ya kweli hutengenezwa kwa nixtamal, yaani punje kavu zilizochemshwa na chokaa kidogo, zikalala usiku kucha, zikaoshwa, kisha zikasagwa zikiwa mbichi. Chokaa hulegeza ganda, hulipa donge uwezo wa kushikana bila ngano, na huleta ile harufu nzito ya mahindi inayokufikia kabla sahani haijafika mezani. Hufanya kitu kingine muhimu zaidi: huifungua niasini, vitamini iliyomo kwenye punje, ili mwili uweze kuitumia. Mahindi yalipoondoka Amerika na kusambaa duniani, maarifa haya hayakusafiri nayo. Kusini mwa Ulaya, kusini mwa Marekani na sehemu za Afrika, watu waliotegemea mahindi peke yake waliugua pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili, wakati wanawake wa Mexico walikuwa na kinga yake jikoni kwao tangu zamani. Kila nikifikiri kwamba sisi ni wala ugali, na kwamba mahindi yalitufikia bila maelezo yake, naiheshimu zaidi tortilla.

Migahawa mingi hutumia unga wa dukani uliokwisha kutiwa chokaa. Si dhambi, na mikono mizuri huweza kuutendea haki. Lakini ukikuta wanaosaga wenyewe, rudi tena na tena.

Dalili ya pili ni maharage meusi. Yanapaswa kunukia majani ya mparachichi. Yakiwa na ladha ya kopo, mole nayo utaitilia shaka.

Mimi ni Mwislamu. Nitapata cha kula?

Utapata, lakini lazima uulize, na uulize kwa undani, kwa sababu nyama ya nguruwe siyo shida kubwa kuliko mafuta yake. Nyama unaiona. Mafuta yamo ndani ya vitu vinavyoonekana salama: asiento kwenye tlayuda na memela, maharage yaliyokaangwa, donge la tamale, na mara nyingi mole yenyewe. Wali huweza kupikwa kwa supu ya kuku.

Neno la kuuliza ni *manteca*. Sema "¿Tiene manteca?" yaani "Ina mafuta ya nguruwe?" Jikoni nyingi za hapa siku hizi hutumia mafuta ya mimea kwa sababu wateja wengi wa California hawali nyama, na tlayuda isiyo na asiento hutengenezwa kwa dakika ile ile ukiomba. Kuku na ng'ombe kwa kawaida si wa kuchinjwa kihalali, kwa hiyo anayezingatia hilo aelekee kwenye samaki, kamba, uyoga, maua ya maboga, quesillo na nopales, yaani majani ya mpungate yaliyochomwa. Mole ya kuku isiagizwe kwa kudhani kwamba kuku ataondolewa na mchuzi ubaki: supu yake imo.

Nina mzio wa karanga.

Basi mole nyeusi, nyekundu na coloradito ziache, hata ukiambiwa karanga ni chache. Lozi, karanga na ufuta ni sehemu ya mwili wa mchuzi na haviwezi kutolewa. Mkate nao hutumika kuzitisha, kwa hiyo asiyeweza kula ngano asidhani kwamba kila kitu ni mahindi. Mole ya njano na ya kijani mara nyingi hazina karanga, ila jiwe au mashine ya kusagia inaweza kuwa ile ile. Sema tangu kaunta, si chakula kikishafika.

Pilipili zake ni kali sana?

Si kama wengi wanavyoogopa. Pilipili za mole huchaguliwa kwa harufu na rangi kuliko ukali, na mtu aliyezoea pilipili mbuzi ataiona mole kuwa ya upole. Ukali umewekwa pembeni, kwenye salsa za mezani. Ile ya pasilla ya Oaxaca, pilipili inayokaushwa kwa moshi, ndiyo ya kutafuta: inawasha taratibu na inanukia kuni. Ukizidiwa usinywe maji, kwa sababu kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji. Kula kipande cha jibini.

Kwenye menyu nimeona *chapulines*. Ni panzi kweli?

Panzi kweli. Hukaangwa kavu kwenye comal na vitunguu saumu, ndimu na chumvi mpaka wawe wekundu na wakavu. Aliyekula senene wa Bukoba au Kampala hatashtuka, ila tofauti ipo: senene wana mafuta na utamu, chapulines ni wakavu, wachachu, wadogo. Wanapendeza wakinyunyizwa juu ya parachichi lililopondwa au kwenye quesadilla, tortilla iliyokunjwa na jibini ndani. Waonje. Ni chakula cha heshima huko kwao tangu kabla Mhispania hajafika, na haipendezi kuwapiga picha na kuwacheka mbele ya aliyewapika.

Mvinyo gani unakwenda na mole?

Oaxaca si nchi ya mvinyo, ingawa Mexico yenyewe ina historia ndefu: nyumba ya Casa Madero huko Parras, jimbo la Coahuila, ilianza 1597. Ndoa ya mole na mvinyo imefungwa hapa California zaidi, na imefana.

Kosa linalofanywa sana ni kuleta cabernet sauvignon nzito ya Napa kwa kuwa ndiyo ghali. Tanini zake, ule ukavu unaokaza ulimi, hupigana na uchungu wa mole, na kilevi kingi huongeza moto wa pilipili. Chukua zinfandel ya Dry Creek Valley, yenye matunda mengi na tanini laini. Pamoja na mole nyeusi inakuwa kama imepikwa humo. Pinot noir ya Russian River Valley inaipenda coloradito. Mole ya kijani inataka sauvignon blanc. Tlayuda ya tasajo inakubali karibu chochote chekundu kisicho na makuu, na rosé baridi mchana wa joto. Kwa salsa kali, tafuta chenye utamu kidogo au mapovu.

Migahawa mingi itakuruhusu kuja na chupa uliyonunua bondeni, ukilipa ada ya kuifungua. Piga simu kwanza. Chupa isiyokwisha inaweza kufungwa tena, na kwenye gari iwekwe buti. Na kama mmekwisha kupita kumbi mbili tatu za kuonja, mmoja wenu awe hajanywa: barabara hizi ni nyembamba, zenye kona, na polisi wapo.

Na asiyekunywa pombe?

Huyo ndiye mwenye bahati, kwa maoni yangu. Agua de jamaica ni choya, maua yale yale ya rosela, baridi na chachu. Ukwaju upo. Horchata ni maji ya mchele yenye mdalasini, na ya Oaxaca huweza kuja na vipande vya tikiti na njugu juu. Asubuhi au jioni ya baridi omba chokoleti ya moto, iliyopigwa kwa mchapo wa mbao mpaka ikatoa povu, pamoja na pan de yema, mkate laini wa mayai wa kuchovya. Na ukibahatika kukuta tejate, kinywaji cha mahindi, kakao, kokwa ya tunda la mamey na maua yaitwayo rosita de cacao, chenye povu zito jeupe juu, acha vingine vyote.

Kwa nini mahali pengine hawana mezcal?

Kwa sababu ya leseni. California hutoa leseni ya bia na mvinyo, na nyingine ya pombe kali, na hiyo ya pili ni ghali na ngumu kuipata, hivyo migahawa midogo huishia kwenye ya kwanza. Pale ilipo, kumbuka kwamba mezcal hutokana na mioyo ya mimea ya agave iliyookwa kwenye shimo la mawe ya moto, ndipo ule moshi ukatokea. Inywewe kidogo kidogo kwa vipande vya chungwa. Kuitupa kooni mara moja ni kuidhulumu.

Mama yangu anakuja kutoka Tanga na hapendi vyakula vigeni. Nimpeleke?

Mpeleke. Mwagizie tamale ya Oaxaca, iliyofungwa kwenye jani la mgomba, na kikombe cha chokoleti. Jani likifunguliwa na mvuke ukatoka, ataanza mwenyewe kuuliza imepikwaje. Samaki wa kuchoma na wali ni akiba nzuri. Usimpe hotuba ndefu kuhusu mole. Mwachie kijiko aonje ya kwako.

Watoto je?

Quesadilla ya quesillo. Hakuna mtoto aliyewahi kuikataa mbele yangu.

Mbona bei ya mole iko juu kuliko taco? Na bakshishi?

Rudi usome jinsi inavyopikwa. Watu wanaolipa bila kunung'unika kwa mchuzi wa Kifaransa huuliza kwa nini sahani ya mole ina bei hiyo, na swali hilo linaniudhi. Viungo vyake huagizwa kutoka mbali, kazi yake ni ya siku nzima au zaidi, na kodi ya pango katika miji hii ya mvinyo ni mzigo kwa mgahawa mdogo.

Bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 ni ya kawaida panapokuwa na mhudumu wa mezani. Ukiagiza kaunta unaweza kuacha pungufu, lakini acha kitu, na ikiwezekana kiwe taslimu.

Niende lini?

Mchana wa siku ya kazi ni bora. Kumbi za kuonja mvinyo hufungwa alasiri, na wageni wote huingia migahawani kwa pamoja. Wikendi asubuhi kuna vyakula visivyoonekana siku nyingine. Septemba na Oktoba, wakati wa mavuno, mji hujaa na vyumba vya kulala hupanda bei, lakini ndio wakati ambao utakula meza moja na wavunaji waliotoka shambani alfajiri. Wapishe foleni ikiwa ndefu. Wewe una siku nzima.

Nizungumze lugha gani?

Kiingereza kinatosha. "Buenas tardes" unapoingia hufungua mlango zaidi, na ukipita meza ya watu wanaokula sema "provecho", kama sisi tunavyowakaribia wanaokula kwa neno la heri. Usidhani kwamba kila mtu jikoni amezaliwa na Kihispania. Wengi lugha yao ya nyumbani ni Kizapoteki, Kimisteki au Kitriki, na Kihispania walijifunza baadaye, kama wengi wetu tulivyojifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama.

Naweza kubeba mole kwenda nayo nyumbani?

Ndiyo, ikiwa donge. Migahawa na maduka ya Kimexico huiuza ikiwa nzito, haijatiwa supu. Kwenye ndege huhesabiwa kama kimiminika, kwa hiyo iweke kwenye mzigo mkubwa, ndani ya mifuko miwili, na angalia kwanza kanuni za nchi unayokwenda kuhusu vyakula vyenye mafuta ya wanyama. Kuipika: pasha mafuta kidogo kwenye sufuria nzito, kaanga donge kwa moto mdogo ukikoroga mpaka linukie, ongeza supu ya kuku ya moto kidogo kidogo mpaka mchuzi uwe mzito wa kushika mgongo wa kijiko, uache utokote nusu saa, kisha onja chumvi. Tia kuku aliyekwisha kuiva, nyunyiza ufuta, pakua na wali.